Neno Fupi na Mwenye Kamusi: Historia ya Kutafuta Maneno kwa Herufi

Wasiocheza michezo ya maneno hudhani kwamba mshindi huwa ni yule ajuaye maneno marefu. Dhana hiyo haina msingi mkubwa. Mchezaji wa Scrabble aketiye mbele ya ubao akiwa na herufi saba, mojawapo ikiwa ni Q au Z, hatafuti neno la kupendeza wala la kitaalamu. Anatafuta neno la herufi mbili au tatu litakaloweza kupenya katika nafasi finyu iliyobaki kati ya maneno mengine. Akilipata, huenda asijue maana yake, na wala hapaswi kuijua. Linalompasa ni kuwa na hakika kwamba limo katika orodha. Hapo ndipo jambo lionekanalo kuwa la burudani linapogeuka kuwa la isimu na la siasa ya lugha, kwani orodha haijitungi yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi orodha za namna hiyo zilivyopatikana, kisha yanauliza Kiswahili kingesimama wapi endapo kingewekwa juu ya ubao huo huo.

Mtu wa kwanza anayestahili kutajwa hakuwa mchezaji. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman, ndiye aliyeiasisi elimu ya arudhi, ambayo jina lake lingali likitumiwa na wahakiki wa ushairi wa Kiswahili. Lakini alikuwa pia na kazi nyingine, nayo ni kamusi iitwayo Kitab al-Ayn. Tatizo lake lilikuwa hili: mtu mmoja atawezaje kuyakusanya maneno yote ya Kiarabu bila ya kumsikiliza kila Bedui na kusoma kila shairi? Jawabu alilolitoa ni la mwanahisabati. Mizizi ya maneno ya Kiarabu, alisema, ina herufi mbili, tatu, nne au tano. Basi zichukuliwe herufi, zipangwe kwa kila namna iwezekanayo, na kwa kila mpangilio iulizwe kama Waarabu wanautumia au wameuacha. Herufi mbili zina mipangilio 2, tatu zina 6, nne zina 24, na tano zina 120. Mipangilio iliyotumika aliifafanua. Iliyoachwa aliitaja kuwa imeachwa. Wala hakuanza na alifu kama ilivyo desturi, bali alianza na ayn, akizifuata herufi kwa mahali zinapotamkiwa, toka kooni hadi midomoni.

Yafaa utaratibu huo ujaribiwe katika Kiswahili, maana matokeo yake yanafunza. Zichukuliwe herufi a, i, k na l. Mipangilio yake ni 24. Hata hivyo, ile inayoanza na konsonanti na kuzipokezanisha konsonanti na irabu ni minne tu: kali, kila, laki, lika. Yote minne ni maneno halali, la mwisho likiwa ni kitenzi la katika kauli ya kutendeka, kama isemwavyo kwamba chakula fulani kinalika. Mipangilio 20 iliyobaki ni mitupu. Mchezaji wa Kiingereza anayezikoroga herufi zake hana dalili kama hiyo ya kumwongoza. Mswahili anayo katika muundo wa silabi wa lugha yake, hata kabla hajafungua kamusi.

Miaka zaidi ya 1,000 baada ya al-Khalil, jambo hilo lilirudi likiwa mchezo kamili. Charles Lutwidge Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa Christ Church, Oxford, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alibuni wakati wa Krismasi ya 1877 mchezo alioupa jina la Doublets, na mwaka 1879 ukaanza kuchapishwa katika gazeti la Vanity Fair la London. Mchezaji hupewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi. Kazi yake ni kutoka neno la kwanza hadi la pili kwa kubadili herufi moja tu katika kila hatua, na kila hatua sharti iwe neno. Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua matata. Kila msomaji alikuwa na maneno yake, mengine yakiwa ya lahaja, mengine ya kale, mengine yakiwa hayajulikani na mtu mwingine yeyote. Carroll alilazimika kutunga orodha ya maneno yaliyoruhusiwa, akiyagawa kwa idadi ya herufi, na orodha hiyo ikawa sehemu ya kitabu cha mchezo kilichotoka mwaka huo huo. Alikusudia kuyaruhusu maneno ya matumizi ya kawaida tu. Hiyo ni miongoni mwa orodha za mwanzo za maneno mafupi zilizotungwa kwa ajili ya mchezo, na ni vema kukumbuka kwamba ilizaliwa na ugomvi.

Mchezo wa Carroll unakubaliana na Kiswahili kuliko mtu awezavyo kutarajia. Jamaa nzima ya nyumbani inaweza kuunganishwa kwa mnyororo mmoja: baba, bada, dada, daka, kaka, kama, mama. Hatua ni sita, na katika kila moja herufi moja tu imebadilika. Lakini pete moja katika mnyororo huo itabishaniwa. Bada ni ugali wa unga wa muhogo. Wako watakaolipokea neno hilo bila swali kwa kuwa wamelila na kulitamka tangu utotoni, na wako watakaodai waonyeshwe kamusi. Bila bada, baba hamfikii dada kwa njia hiyo. Ugomvi wa wasomaji wa Vanity Fair, kwa hiyo, si wa Waingereza peke yao.

Fumbo la maneno yanayokingamana, ambalo kwa sura yake ya kisasa lilianzishwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, halihitaji kuelezwa kwa kirefu hapa. Athari yake kwa historia hii ni moja. Maneno marefu yakishakingamana, hubaki vijishimo vya herufi tatu au nne ambavyo baadhi ya herufi zake zimekwisha kuwekwa na maneno mengine. Mtungaji hana hiari. Anahitaji neno lenye herufi fulani mahali fulani. Baada ya kampuni ya Simon & Schuster kutoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo mwaka 1924, wendawazimu wa kuyajaza ulienea Marekani nzima, na kamusi zikaanza kununuliwa na watu ambao haja yao haikuwa kujua maana bali kuhesabu herufi.

Alfred Mosher Butts alizaliwa Poughkeepsie, jimbo la New York, mwaka 1899. Alikuwa msanifu majengo, na mwaka 1931, katika mdororo mkuu wa uchumi, alipoteza kazi. Akaamua kubuni mchezo. Kwanza aliichunguza michezo iliyokuwapo na kuigawa katika mafungu matatu: michezo ya kusogeza vipande kama sataranji, michezo ya namba kama karata na dadu, na michezo ya herufi. Aliona kwamba fungu la tatu halikuwa na mchezo hata mmoja wa maana wenye kuchanganya bahati na ustadi. Ili mchezo wa herufi uwe wa haki, lazima kila herufi iwepo kwa kiasi kinacholingana na matumizi yake katika lugha. Kwa hiyo alichukua magazeti, likiwamo The New York Times, akahesabu herufi moja moja kwa mkono.

Kazi hiyo yastahili kuheshimiwa na wanaisimu. Miaka mingi kabla ya kompyuta kuwa chombo cha kuhesabia matini, msanifu majengo asiye na kazi alitengeneza kielelezo cha takwimu za herufi za Kiingereza ambacho hakijabadilishwa hadi leo. Vipande ni 100. Herufi E ina 12, A na I zina 9 kila moja, O ina 8. N, R na T zina 6 kila moja. Na kwenye mkia ziko J, K, Q, X na Z, zenye kipande kimoja kimoja. Vipande viwili ni vitupu, navyo vyaweza kusimama mahali pa herufi yoyote. Thamani inafuata uhaba: Q na Z zina alama 10, J na X zina 8, K ina 5. Mahali pamoja tu ndipo Butts alipoiacha hesabu kwa makusudi. S hutokea mno katika Kiingereza, lakini aliipa vipande 4 tu, kwa kuwa alitambua kwamba kiambishi cha wingi kingeufanya mchezo uwe rahisi kupita kiasi. Uamuzi huo ni wa kimofolojia kabisa.

Mchezo wa awali uliitwa Lexiko na haukuwa na ubao. Mwaka 1938 ukapata ubao wa miraba 15 kwa 15 na jina la Criss-Cross Words. Kampuni kubwa za michezo ziliukataa. Ni mwaka 1948 ambapo James Brunot wa Connecticut aliuchukua, akarekebisha mpango wa miraba na sheria, na kuusajili kwa jina la Scrabble. Mwaka 1949 Brunot na wenzake walitengeneza seti 2,400 wakapata hasara ya dola 450. Kisha, mnamo 1952, mkuu wa duka la Macy's la New York aliucheza likizoni, akarudi na kukuta duka lake haliuzi, akaagiza uletwe. Tangu hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi kwa sababu inafurahisha. Lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni sheria moja ambayo Butts na Brunot waliiacha wazi, yaani: ni kamusi gani?

Sheria za awali ziliruhusu kamusi yoyote ya kawaida ambayo wachezaji wamekubaliana. Nyumbani hilo latosha. Mashindano yalipoanza kuandaliwa Marekani katika miaka ya 1970, halikutosha, na kwa muda kamusi ya Funk & Wagnalls ndiyo iliyokuwa hakimu. Mwaka 1978 ikatolewa The Official Scrabble Players Dictionary, ambayo ilitungwa kwa kukusanya maneno ya kamusi tano za Marekani zilizokuwa zikitumiwa vyuoni. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Huko kamusi ya Chambers ilifanywa kuwa rejeo rasmi mwaka 1980, na mwaka 1988 ikafuatiwa na orodha iliyotolewa humo, Official Scrabble Words. Chambers ilikuwa kamusi ya Edinburgh, yenye mapenzi makubwa na maneno ya Kiskoti na ya Kiingereza kilichokwisha kufa. Matokeo yake ni kwamba maneno ya herufi mbili yalikuwa mengi zaidi Uingereza kuliko Marekani, si kwa sababu Waingereza wanasema kwa ufupi, bali kwa sababu wahariri wa Edinburgh walipenda kuhifadhi. Mchezaji wa London aliweza kuandika ch, namna ya zamani ya lahaja fulani ya kusema mimi. Mwenzake wa Chicago hakuweza.

Orodha ya maneno ya herufi mbili ni makumbusho ya ajabu. Humo mna aa, aina ya mawe ya volkano, kutoka Kihawaii. Ai, mnyama mzito wa Amerika ya Kusini. Ka, roho katika imani za Misri ya kale. Xu, sarafu ya Vietnam. Na jo, mpenzi, kutoka Skotilandi. Mwaka 2006 orodha ya Marekani iliongezewa fe, ki, oi, qi na za, jumla yake ikawa 101. Qi ni neno la Kichina la nguvu ya uhai, na limewaokoa wachezaji wasiohesabika waliokuwa wamekwama na Q. Za ni kifupisho cha mitaani cha pizza. Mwaka 2018 zikaingia ew na ok, na idadi ikafika 107. Mtu aweza kujiuliza neno kama ok, ambalo lilikuwa midomoni mwa Wamarekani tangu karne ya 19, lilikuwa likingoja nini. Lilikuwa likingoja kamusi ilikubali kwa herufi ndogo. Mdomo peke yake haukutosha.

Herufi Q inastahili aya yake, kwa kuwa hapa Afrika ya Mashariki inaingia bila kualikwa. Katika maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, Q hufuatwa na U. Mchezaji mwenye Q asiye na U huangalia nje, na mara nyingi huangalia Uarabuni. Humo hupata suq, ambayo ni soko letu. Qadi, ambaye ni kadhi wetu. Na qat, ambayo ni miraa ile ile inayolimwa Meru na kupelekwa hadi Mogadishu. Kiswahili kiliyapokea maneno ya Kiarabu kwa kuyaingiza katika mfumo wake wa sauti, na tahajia ya Kirumi iliyosanifiwa haikuona haja ya Q. Kiingereza kiliyapokea kwa kuyaacha na vazi lake la kigeni, na vazi hilo ndilo lenye alama 10. Maneno ya Kiswahili chenyewe nayo yamo: safari, bwana, uhuru. Lakini yamo kwa masharti ya mwenye nyumba. Wingi wa bwana ubaoni ni bwanas, mabwana hawatambuliwi.

Kwamba mwenye orodha ana mamlaka kulionekana wazi zaidi pale maneno yalipoanza kuondolewa. Mwaka 1994, baada ya malalamiko ya umma kuhusu matusi na maneno ya kudhalilisha watu kwa rangi na dini, kampuni ya Hasbro iliyokuwa ikimiliki mchezo Marekani iliamua kuyafuta katika kamusi yake. Wachezaji wa mashindano walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba ubaoni neno halina maana, ni herufi tu zenye alama. Ikabidi ziwepo orodha mbili: moja safi ya kuuzwa madukani, na nyingine kamili, iliyotoka mwaka 1998 kwa ajili ya vilabu na mashindano. Mwaka 2020, katika mjadala mkubwa wa ubaguzi wa rangi Marekani, hata orodha ya mashindano iliondolewa maneno ya matusi ya kibaguzi zaidi ya 200. Hoja ya 1994 ilikuwa nzuri kwa mantiki lakini dhaifu kwa isimu. Neno lililoingia orodhani kwa sababu kamusi imelieleza haliwezi kudai, likishaingia, kwamba halina maana.

Hata hivyo wako waliothibitisha kwamba maana yaweza kuwekwa kando kabisa. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa nchini Ubelgiji, naye hazungumzi Kifaransa. Alikuwa ameihifadhi orodha kwa wiki chache. Mwaka 2024 alifanya hivyo hivyo kwa Kihispania, mjini Granada. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2015, Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza huko Perth, Australia, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Wanigeria walisifika kwa mbinu yao: badala ya kukimbilia maneno ya herufi saba yenye ziada ya alama 50, walifunga ubao kwa maneno mafupi zaidi, wakibakiza herufi njema mkononi. Ushindi wa neno fupi haujapata kuwa wa dhahiri kuliko hapo.

Sasa Kiswahili. Jambo la kwanza ni kwamba seti ya Butts haifai kukichezea, na kutofaa kwake kunaonekana mara moja. K ina kipande kimoja; kuku hawezi kuandikwa bila kipande kitupu, na kikuku huvimaliza vitupu vyote viwili. Q na X hazina kazi. C haina kazi pasipo H. Kwa upande wa irabu, methali ya haba na haba hujaza kibaba ina herufi 22, na 9 kati yake ni A, huku E na O zikiwa hazimo kabisa. Mfano huo umepita kiasi, bila shaka, lakini unaonyesha mwelekeo. Toleo la Kimalei, lugha nyingine yenye kuipenda A, limeipa herufi hiyo vipande 19. Mtu atakayetaka kutengeneza seti ya Kiswahili hana budi kufanya alichofanya Butts, yaani kukaa na magazeti na kuhesabu.

Kabla ya kuhesabu, lakini, sharti aamue anahesabu nini. Je, ch ni herufi moja au mbili? Na ng'? Kihispania kiliwahi kuamua kwamba ch na ll ni herufi kamili, zikapewa vipande vyake katika Scrabble. Mwaka 1994 vyuo vya lugha hiyo viliacha kuzipanga peke yake katika kamusi, lakini vipande vimebaki. Toleo la Kiwelisi nalo lina vipande vya herufi mbili pamoja. Kifonolojia, hoja ya kukipa Kiswahili kipande cha ch ni nzito, kwani hiyo ni fonimu moja. Kwa hesabu hiyo nchi, ambalo kwa macho ni neno la herufi nne, huwa la vipande vitatu.

Yumkini hata hivyo si utatuzi wa kutosha, maana mchezo wa asili wa Waswahili haukuwa wa herufi. Edward Steere, katika hadithi alizozikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, aliingiza mifano ya kinyume, usemi wa siri ambao silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele: kitabu huwa bukita, samaki huwa kisama. Asemaye kinyume haoni herufi. Anaona silabi, kama vile mshairi ahesabuye mizani. Wajapani, ambao mwandiko wao wa kana ni wa silabi, hujaza mafumbo ya maneno kwa silabi moja katika kila mraba. Ubao wa Kiswahili wenye vipande vya ba, ka, mbu, nya na kadhalika ungekuwa mwaminifu zaidi kwa lugha kuliko ubao wa herufi, ingawa mfuko wake ungekuwa mzito. Juu ya ubao kama huo dhana yenyewe ya neno fupi ingebadilika: mbwa na oa, herufi nne dhidi ya mbili, yangekuwa kipande kimoja dhidi ya viwili.

Tatizo la pili ni mpaka wa neno. Orodha ya Kiingereza yaweza kukitaja kitenzi katika maumbo manne au matano na kazi ikaisha. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, mtendwa na mnyambuliko, na maumbo yake halali hayaorodhesheki kwa kitabu chochote cha kubebeka. Hivyo Kiswahili kingehitaji kanuni mahali ambapo Kiingereza kina orodha, na mwamuzi wake angekuwa mwanasarufi badala ya karani. Wakati huo huo, kwenye ncha fupi kabisa ya lugha, kanuni zenyewe zinatatanisha. Vitenzi vya silabi moja kama la, fa na nywa vimo katika kamusi, lakini msemaji hawezi kuvitamka hivyo vilivyo. Kwa amri husema kula, kufa, kunywa, akiihifadhi ku ambayo vitenzi vingine huiacha. Je, fa ni neno, au ni mzizi uliowekwa kamusini kwa urahisi wa kupanga? La ina bahati zaidi, kwa kuwa hata ikikataliwa kama kitenzi yaweza kupita kama kihusishi katika jembe la mkulima, au kama jibu la mtu anayekataa. Fa haina pa kukimbilia.

Na kamusi ipi? Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya zaidi Kiswahili cha huko, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kikao cha Mombasa cha 1928 kilichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ikaundwa 1930, na kamusi ya Johnson iliyotoka 1939 ilisimama juu ya kazi ya Madan wa Unguja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilifuata mwaka 1981. Baadaye Zanzibar ilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA mwaka 2010, na BAKITA ikatoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Wachezaji wawili, mmoja akiwa na Krapf mkononi na mwingine na Johnson, wasingemaliza mchezo mmoja kwa amani. Nti kwa nchi, ndia kwa njia, mato kwa macho: maneno hayo yamebeba ushairi wa Mombasa tangu zama za Muyaka, na hapana mhakiki atakayethubutu kusema kwamba si Kiswahili. Ubaoni, mwenye Kamusi Kuu atayapinga, na aliyeyaweka atapoteza zamu yake.